Athari ya mtandao: kwa nini gari tupu halijai

Msafiri anayefika stendi ya Moshi asubuhi akielekea Arusha haulizi kwanza ni gari lipi lenye viti vizuri, bali hutazama lipi limekaribia kujaa, kwa sababu hilo ndilo litakaloondoka. Kila anayepanda humpa anayefuata sababu ya kupanda, na gari jipya lililoegeshwa pembeni hubaki tupu kwa kuwa ni tupu, hata wapiga debe walisifu namna gani. Hali hiyo inapotokea katika mawasiliano, wachumi huiita athari ya mtandao: thamani ya huduma kwa mtumiaji mmoja hupanda kadiri watumiaji wengine wanavyoongezeka. Ndiyo maana mtandao wa kijamii wa kulipia hupata tabu kuwavuta watu kutoka ule wa bure uliokwisha kujaa.

Tuchukue kundi la WhatsApp la waongoza watalii 30 wa Mlima Kilimanjaro. Ndani yake mna jozi 435 za watu wanaoweza kuwasiliana, na akiingia wa 31 zinaongezeka jozi 30 kwa mkupuo. Mmoja wao akichoshwa na matangazo na kuhamia mtandao wa kulipia, ada ndiyo hasara yake ndogo; hasara kubwa ni wenzake 29 aliowaacha, ambao ndio humjulisha kwamba njia ya Machame ina utelezi au kwamba safari ya kesho imepungukiwa wapagazi, wagumu kama wanavyoitwa huku. Huenda wote wamechoka vilevile, ila hakuna anayetaka kutangulia peke yake.

App.net, mtandao wa kijamii wa Marekani, ilianza mwaka 2012 kwa ada ya dola 50 kwa mwaka, bila matangazo, ikafungwa mwaka 2017. WhatsApp nayo iliwahi kutoza senti 99 za dola kwa mwaka, lakini mwaka wa kwanza ulikuwa wa bure, yaani watu walikwisha kukaa ndipo wakadaiwa nauli. Ada hiyo ilifutwa mwaka 2016. (Bure yenyewe ni ya mlangoni tu, maana bando tunanunua na watangazaji hulipia macho yetu.)

Hata hivyo, The WELL, jukwaa la majadiliano ya mtandaoni lililoanzishwa California mwaka 1985, ingali inaendeshwa kwa ada za wanachama, na MetaFilter, jukwaa jingine la aina hiyo, hutoza dola 5 mara moja tu mtu anapojiunga. Kwao ada hufanya kazi ya kiingilio cha kikoba: inawachuja wanaoingia, na aliyelipa huona haya kuharibu. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo nafasi pekee ya mtandao mdogo, yaani kuuza kitu ambacho kingeharibika kama watu wangekuwa wengi.

Waongozaji wetu 30 wangeweza kulipia mahali pa faragha pa kujadili malipo yao, na pia kampuni zisizoaminika, mradi wahamie siku moja. WhatsApp ingebaki kwenye simu zao, kwa kuwa mgeni wa Ujerumani anayeulizia bei ya kupanda mlima hatalipa ada ili atume salamu.