Umeme wa Maji: Mto Hautozi Senti, Lakini Umeme Wake Una Bei

Wengi huamini kwamba, kwa kuwa mto hauhitaji mafuta, umeme wa maji hauna budi kuwa rahisi. Ni kweli kuendesha mitambo yake hakugharimu sana, lakini bei ya uniti hubeba kwanza deni la ujenzi pamoja na riba, na deni hilo hudaiwa hata mvua isiponyesha. Tume ya Dunia ya Mabwawa iliripoti mwaka 2000 kwamba mabwawa makubwa iliyoyachunguza yaligharimu kwa wastani asilimia 56 zaidi ya makadirio. Bwawa la Itaipu, lililojengwa na Brazili na Paragwai kwa mkataba wa mwaka 1973, lilimaliza kulipa deni lake mwaka 2023.

Dhana inayoumiza zaidi ni ile inayowaahidi majirani wa bwawa kwamba wao ndio watakaowashiwa taa kwanza. Umeme huenda unakopelekwa na mkataba wa mauzo, kwa sababu mkopeshaji hutaka kwanza kumwona mteja mkubwa atakayelipa kwa miaka mingi. Bwawa la Akosombo nchini Ghana, lililokamilika mwaka 1965 na kuwahamisha watu wapatao 80,000, liliuza sehemu kubwa ya umeme wake kwa bei ya chini kwa kiwanda cha alumini cha kampuni za Marekani, ambacho kiliagiza malighafi kutoka nje ilhali Ghana ina boksiti yake yenyewe (mawe yanayotengenezewa alumini); ilibidi serikali iidai bei mpya katika miaka ya 1980. Huko Kongo, laini ya umeme ya mabwawa ya Inga, yenye urefu wa kilomita takribani 1,700 ilijengwa kuyafikishia umeme machimbo ya shaba ya Katanga. Laini hiyo husafirisha mkondo mnyoofu wa msongo mkubwa mno, na kuuchepusha njiani kunahitaji kituo chenye gharama kubwa cha kuubadilisha uwe umeme wa majumbani, kwa hiyo nyaya zilipita juu ya vijiji ambavyo viliendelea kuwasha vibatari. Huo ulikuwa uamuzi wa kisiasa uliofanywa wakati wa kuchora laini, na sioni haki kuuita bahati mbaya ya kijiografia.

Tusichanganye pia megawati zinazotangazwa siku ya uzinduzi na umeme utakaopatikana. Novemba 2022 Zimbabwe iliamriwa kusitisha uzalishaji katika bwawa la Kariba, inalotumia pamoja na Zambia kwenye mto Zambezi, baada ya kumaliza mgao wake wa maji wa mwaka, huku maji yanayofaa kuzalisha umeme yakiwa yamebaki chini ya asilimia 5. Wala si kila bwawa ni safi kwa hali ya hewa: Balbina, katika Amazon, lilifunika zaidi ya kilomita za mraba 2,000 za msitu kwa ajili ya megawati 250, na miti inayooza majini hutoa methani, gesi inayoongeza joto duniani.

Wapo wanaodhani kwamba fidia ikilipwa mara moja, madai ya wenyeji yamekwisha. Watonga wapatao 57,000, wenyeji wa bonde la Zambezi, waliohamishwa kupisha Kariba waliishi miongo mingi bila umeme wa bwawa hilo, ingawa mto waliouacha uliendelea kuingiza mapato kila mwezi. Norwei imechagua njia nyingine: sheria yake inawataka wazalishaji wakubwa kuziuzia halmashauri za maeneo husika hadi asilimia 10 ya umeme kwa bei ya gharama ya kuuzalisha, na haki hiyo hudumu kadiri kibali cha kutumia maji kinavyodumu.