Mlenda hauna kosa: tunayoyasikia kila siku kwenye kipimo cha INR

Leo ni Jumatano tu na nimeshaisikia mara nne: "Daktari, mlenda nimeacha wiki mbili sasa, ili kipimo kitoke vizuri." Mimi si daktari, ni wa maabara, lakini hilo tuliache. Kitoke vizuri kwa ajili ya nani?

Mama mmoja wa Bahi, mwenye valvu ya chuma moyoni, alikuja na INR ya 5.2. INR inaonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda: ikipanda, inachelewa zaidi. Lengo lake ni 2.5 hadi 3.5. Kidonge cha warfarini, dawa yake ya kuzuia damu kuganda, hajazidisha hata kimoja. "Mwanangu, nimekula ugali na maziwa tu," akaniambia, tena kwa fahari. Mlenda wake mkavu kaufunga kwenye kopo mpaka kliniki ipite. Sasa, warfarini inapambana na vitamini K, na vitamini K inatoka kwenye majani: mlenda, mchicha, matembele. Ukiyakata ghafla, dozi ileile inageuka kubwa. Daktari akiiona karatasi anapunguza dozi. Mama anarudi Bahi, anafungua kopo, INR inaporomoka, na valvu ya chuma haina mzaha na damu inayoganda. Tumepima chakula cha maigizo.

Kula mlenda, mama. Kiasi kilekile ulichozoea, wiki ya kliniki na wiki isiyo ya kliniki. Mvua zikinyesha mboga mbichi zikajaa, ukajikuta unakula zaidi, sema. Mimi huwaambia waandike kwenye daftari la dozi. Wanaoandika hawafiki watatu.

Wapo wanaomeza vidonge viwili usiku wa kuamkia kliniki kufidia walivyosahau. Msifanye. Dozi ya jana inaanza kuonekana kwenye INR baada ya siku mbili tatu, kwa hiyo leo hujamdanganya mtu, ila keshokutwa unaweza kutokwa damu.

Kuja na njaa? Kunywa chai yako, INR haihitaji kufunga.

"Mnachukua damu nyingi mkauze." Kile kichupa cha kifuniko cha bluu kina sitreti iliyopimwa, ya kuzuia damu isigande humo, sehemu moja kwa tisa za damu. Damu isipofika mstarini majibu hayawi sahihi, nakuchoma tena.

"Jirani anatumia rivaroksabani, hapimi." Hiyo ni dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. INR hapimi, figo anapimwa. Na wewe mwenye valvu ya chuma haikufai.

Halafu diklofenaki ya dukani, ile dawa ya maumivu ya mgongo. INR inaweza kusoma 2.8 safi kabisa huku tumbo linavuja damu. Karatasi yangu hailioni hilo. Choo kikiwa cheusi kama lami, usingoje tarehe ya kliniki.