Hekta ya mlimani na hekta ya bondeni: yanayopaswa kujulikana kabla kijiji hakijatia sahihi mkataba wa kaboni

Miezi ya karibuni ofisi yetu ya misitu imepokea maswali mengi kuhusu biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ukaa ambayo msitu umezuia au kuondoa angani, kutoka vijiji vya Mpwapwa, Kondoa, Chemba na Kongwa mkoani Dodoma. Maswali yenyewe yanafanana. Mtu amefika kijijini, amekaa na viongozi, ametaja kiasi cha fedha kwa kila hekta, kisha wananchi wanataka kujua mbona kijiji chao kimepangiwa kidogo kuliko kijiji jirani kilichoko mlimani. Wengine wanauliza mbona wenzao wa Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi wanalipwa na wao bado. Tunajua wanaouliza wana nia njema. Hata hivyo, sehemu kubwa ya malalamiko haya inatokana na dhana moja isiyo sahihi, kwamba hekta ya msitu ina thamani ileile popote ilipo.

Msitu hubadilika kadiri ardhi inavyopanda. Dodoma mjini iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa takribani nyuzi joto 6. Mvua nayo haigawanyiki sawasawa. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi huacha maji mengi kwenye miteremko ya mashariki ya Milima ya Tao la Mashariki, na zinapofika kwetu zimekauka. Ndiyo maana Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 tu kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Milima ya Rubeho ni sehemu ya Tao hilo na inaingia Wilaya ya Mpwapwa, kwa hiyo ndani ya wilaya moja wapo wanaoamka kwenye ukungu na wapo wanaosubiri mvua ya msimu mmoja.

Miti hufuata hali hiyo. Tambarare kuna migunga, mibuyu, mikwaju na vichaka vinavyopukutisha majani kiangazi. Ukipanda vilima, kama vile vya Irangi kule Kondoa, unaingia kwenye miombo: mtundu, myombo, mninga. Juu zaidi, penye ukungu na unyevu wa kudumu, ndipo penye msitu wa mlimani usiopukutisha majani, wenye podo na miti mingine mirefu, na chini yake miti ya kimo cha kati, vichaka na mimea inayostahimili kivuli. Wengi hudhani basi kwamba kadiri unavyozidi kupanda ndivyo msitu unavyozidi kuwa mkubwa. Sivyo. Kwenye vilele na migongo ya milima inayopigwa na upepo, baridi hupunguza ukuaji na udongo huwa haba. Miti hufupika, mashina huwa mengi na membamba, na matawi hufunikwa na kuvumwani, yaani uoto mdogo unaoshikamana na magome.

Kwa hiyo kaboni iliyomo kwenye miti mara nyingi huwa nyingi zaidi katika miteremko ya kati, kisha hupungua kuelekea kileleni. Mlima Kilimanjaro, unaoanzia savana na kuishia kwenye mawe na barafu, unaonyesha jambo hili vizuri. Idadi ya aina za miti nayo hufuata mwelekeo unaokaribiana na huo katika milima mingi, ingawa si yote. Kaboni ya udongo ina njia yake: penye baridi majani na mizizi huoza polepole, hivyo udongo wa juu unaweza kuhifadhi kaboni nyingi hata pale miti ilipo mifupi. Na kuna jambo ambalo wapimaji wachanga hulisahau. Miteremko ya chini imekatwa kwa muda mrefu kwa ajili ya mkaa, kuni na mashamba. Ukikuta miti michache huko, usiseme ni kimo cha ardhi kabla hujatazama visiki.

Sasa tuje kwenye vipimo, maana hapa ndipo fedha inapopotea. Unene wa mti hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, na kwenye mteremko mpimaji husimama upande wa juu wa mti. Kiwanja cha sampuli, yaani eneo dogo linalopimwa kuwakilisha msitu wote, kikiwa cha duara chenye nusu kipenyo cha mita 15 kina ukubwa wa takribani mita za mraba 707, lakini hizo ni mita za ardhi iliyolala. Ukilaza futi kamba juu ya mteremko wa nyuzi 25 bila kusahihisha, zile mita 15 zinakuwa kama mita 13.6 tu kwenye ramani. Kiwanja chako kinabaki na mita za mraba 640 hivi, wakati wewe bado unagawanya kwa 707. Hapo kijiji cha mlimani kimepunjwa karibu asilimia 10 ya kaboni yake, na hakuna aliyeiba.

Unene wenyewe ni jambo zito. Mti wenye kipenyo cha sentimita 60 hauna uzito mara mbili ya ule wa sentimita 30. Kwa kawaida huuzidi mara tano au zaidi. Miti mikubwa michache ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kaboni ya hekta nzima. Anayekata mitatu mikubwa na kutuambia "tumechukua mitatu tu" hajatuambia kitu.

Baada ya uzito mkavu, yaani uzito wa mti bila maji, kupatikana kutokana na vipimo hivyo, karibu nusu yake (kiwango kinachotumika sana ni asilimia 47) ndiyo kaboni. Tani moja ya kaboni ni sawa na tani 3.67 za hewa ukaa. Mwulizeni mgeni wenu anazungumzia tani zipi, kwa sababu tofauti hapo ni karibu mara nne.

Kuhusu wanaosema eneo lao la tambarare ni "pori tu", tunaomba kauli hiyo ikome. Mimea ya ukame huweka sehemu kubwa ya uzito wake kwenye mizizi, chini ya macho ya mpita njia. Miti yake mingi hukua taratibu na kuwa na mbao nzito. Mbao za mpingo huzama majini. Vichaka vya Itigi, upande wa Manyoni, ni aina ya uoto isiyopatikana sehemu nyingi duniani. Pale Kondoa, baada ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma kuanza mwaka 1973 na mifugo kuondolewa mwaka 1979 kwenye eneo lililomomonyoka, uoto ulirudi mahali ambapo wengi walishakata tamaa. Wakulima wanaotumia njia ya kisiki hai, yaani kuchagua machipukizi bora na kupogoa mengine, wanaona jambo hilohilo mashambani mwao kila msimu.

Lakini kuwa na kaboni si sawa na kuwa na kitu cha kuuza. Mnunuzi hulipia tofauti: hewa ukaa iliyozuiwa au kuondolewa ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwepo bila mradi. Msitu ulio kileleni ambao hakuna anayeufikia unaweza kuwa na kaboni nyingi na tofauti ndogo. Msitu wa mteremko wa chini unaokatwa kila mwaka unaweza kuwa na kaboni kidogo na tofauti kubwa. Hili ndilo jibu kwa wanaojilinganisha na Tanganyika. Msitu wao, mvua yao na kasi ya ukataji waliyokuwa wanapambana nayo si vyenu, kwa hiyo hesabu yao haiwezi kuwa yenu.

Utaratibu uko hivi. Biashara ya kaboni inaongozwa na kanuni za mwaka 2022 zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Mwaka 2004, pamoja na marekebisho ya kanuni hizo ya mwaka 2023. Mradi husajiliwa, maneno ya mdomo ya mwekezaji si usajili. Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kwa ardhi ya kijiji, uamuzi ni wa mkutano mkuu wa kijiji, si wa mwenyekiti na mtendaji peke yao, na muhtasari wenye mahudhurio lazima uwepo. Kijiji kiwe na mpango wa matumizi ya ardhi, mipaka ya msitu iliyopimwa, na sheria ndogo zilizoidhinishwa na halmashauri.

Kutia sahihi mkataba wa kaboni hakufuti Sheria ya Misitu ya Mwaka 2002. Uvunaji unahitaji maombi yaliyopitia serikali ya kijiji na kamati ya uvunaji ya wilaya, leseni, magogo kugongwa nyundo ya alama rasmi, na hati ya kusafirishia. Leseni bila hati haitoshi, na hati ya safari ya jana haitumiki leo. Anayevuna au kuchoma msitu wa hifadhi kinyume cha sheria anakabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili, na mazao, vifaa na chombo cha usafiri vinaweza kutaifishwa. "Sikujua" tunaisikia kila wiki kwenye kizuizi cha ukaguzi barabarani na haijawahi kurudisha lori. Aidha, shughuli za kudumu, au zinazoweza kuhatarisha mazingira, haziruhusiwi ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na mabwawa, hata kama mtu anapanda miti ya biashara.

Kijiji kilichokwisha kupokea rasimu ya mkataba kiilete kwa ofisa misitu wa wilaya kabla ya sahihi yoyote, pamoja na ramani ya mipaka, muhtasari wa mkutano mkuu na fomu za vipimo. Kwenye fomu hizo tutatafuta kwanza mambo mawili: kimo cha kila kiwanja juu ya usawa wa bahari na nyuzi za mteremko. Fomu isiyo navyo itarudishwa, na kazi ya kupima itaanza upya.