“Afisa habari mmoja anatosha”, na dhana nyingine zinazokwamisha idara za serikali

Kila ikama, yaani idadi ya watumishi wanaoruhusiwa katika idara, inapopitiwa hoja huwa ile ile: kitengo cha habari kazi yake ni kuandika taarifa kwa vyombo vya habari, basi mtu mmoja anatosha, na akizidiwa ataongezewa karani. Si kweli, na hesabu yake haihitaji mtaalamu.

Mwaka una siku 365. Ondoa 104 za wikendi, zibaki 261. Ondoa tena 28 za likizo, 12 hivi za sikukuu, na 10 za mafunzo na ugonjwa: afisa huyo yupo kazini siku 211. Siku 154 zilizobaki simu ya waandishi haina wa kuipokea. Mkitaka dawati liwe na mtu saa 12 kwa siku, siku zote 7, hizo ni saa 84 kwa wiki. Kwa wiki ya kazi ya saa 40 ni nafasi 2.1, ukiingiza likizo, 2.6. Yaani watatu. Dawati la usiku na mchana ni saa 168, na ukiingiza likizo halijazwi na chini ya watu sita.

Hiyo ni simu tu. Swali moja la mwandishi linataka lisajiliwe: jina, chombo, swali neno kwa neno, na saa anayofunga habari yake. Kisha atafutwe mtaalamu, takwimu zihakikiwe, jibu liandikwe, lipate idhini, litumwe, nakala ihifadhiwe. Afisa akiwa peke yake na yuko ziarani na waziri, mnyororo wote umekatika, na kesho yake gazeti linaandika kwamba idara haikupatikana.

Majibu mengi hufia kwenye idhini. Wekeni waidhinishaji wawili kwa majina, kila mmoja na kaimu wake, na mshike kanuni ya nusu ya muda. Swali likiingia saa 4 asubuhi na mwandishi anafunga saa 10 jioni, rasimu iwe mezani kwa mwidhinishaji kabla ya saa 7 mchana. Nusu inayobaki ni ya masahihisho, kwa sababu kila mara masahihisho yapo. Ikipita saa 10, jibu zuri kuliko yote halina kazi.

“Mwandishi mzoefu akiajiriwa, anaanza kesho.” Kuandika anajua. Bajeti ya idara, sheria zake na nani anasimamia nini bado hajui, na hayo huchukua miezi. Asiachwe peke yake kwenye zamu kabla hajayajua.

“Afisa habari ni mtu wa waziri.” Ni mtumishi wa umma. Anaeleza sera na maamuzi ya idara. Hotuba ya kampeni iandikwe na chama.

“Tutaomba kuisoma habari kabla haijatoka.” Uamuzi wa kuchapa ni wa mhariri. Ombeni kuhakiki takwimu na nukuu zenu, tena mapema na kwa adabu. Mwandishi makini mara nyingi hukubali.

“Nikimaliza nitasema nisinukuliwe.” Makubaliano hayo hufanywa kabla ya mazungumzo, na pande zote mbili ziafiki. Neno lililokwisha kusemwa mbele ya kinasa sauti halirudishwi kwa ombi, na mkurugenzi anayekwenda kuhojiwa aambiwe hivyo kabla hajaingia chumbani.