Kabla Hujanunua Pampu ya Usukani wa Kempa Yako

Kila kempa kuukuu (gari la kulala safarini) inayoletwa kwangu ikiwa na usukani mzito huletwa na hukumu iliyokwisha kutolewa njiani: pampu imekufa. Juzi mwenye gari alifika na pampu mpya ikiwa bado ndani ya boksi, akitaka ifungwe jioni ileile. Nilipofungua kifuniko cha kopo la mafuta ya usukani nilikuta povu la rangi ya maziwa, ishara ya hewa ndani ya mafuta, na mpira unaotoka kwenye kopo kuelekea pampu ulikuwa umekakamaa hata klipu yake ikawa inazunguka kwa kidole. Pampu ya zamani ilikuwa nzima kabisa. Angeifunga ile mpya, angeiua kwa hewa ileile, na hilo ndilo linaloniudhi, kwa sababu kilichokosekana hapo si fedha wala vifaa bali subira ya kupima.

Imani hii imejengwa juu ya dhana kwamba pampu ndiyo inayotengeneza presha. Kazi ya pampu ni kuyafanya mafuta yatiririke. Presha huzaliwa pale mtiririko unapokutana na kizuizi. Usukani ukiwa umenyooka, valvu iliyo ndani ya stelingi boksi, au ndani ya reki, yaani kifaa kinachogeuza magurudumu usukani unapozungushwa, huyaacha mafuta yapite na kurudi kwenye kopo, na geji ya kupima presha ikifungwa wakati huo huonyesha bar (kizio cha presha) chache tu. Dereva anapokata kona, ufito mwembamba wa chuma ulio katikati ya valvu hujipinda kidogo, njia ya kurudi hubanwa, na mafuta huelekezwa upande mmoja wa pistoni inayosaidia kugeuza magurudumu. Hapo ndipo presha hupanda, na usukani ukifika mwisho presha hufikia kikomo kinachowekwa na valvu ya usalama, ambacho kwa magari mengi ya ukubwa huu huwa kati ya bar 70 na 120. Mhandisi wa Kimarekani Francis W. Davis aliujenga mfumo wake katika miaka ya 1920 juu ya wazo hilo la valvu inayokaa wazi mpaka usukani unapokatwa, na Chrysler ikautia usukani wa namna hiyo katika gari lake la Imperial mwaka 1951. Kanuni haijabadilika. Presha ikiwa ndogo, inawezekana mtiririko ni hafifu, na inawezekana vilevile kwamba mtiririko ni mzuri lakini mafuta yanapenya kwenye sili (mipira ya kuzibia) zilizolika za boksi na kurudi kwenye kopo bila kufanya kazi yoyote.

Ndiyo maana huwa nauliza kwanza juu ya upande. Usukani ukiwa mzito unapokata kulia na mwepesi unapokata kushoto, pampu haihusiki, kwa kuwa haijui kulia wala kushoto. Inasukuma mafuta yaleyale kupitia bomba lilelile, na uamuzi wa yaende wapi hufanywa na valvu. Kasoro hiyo itafutwe kwenye valvu, kwenye sili za pistoni, au kwenye tairi na viungo vya upande mmoja.

Kempa hukaa miezi mingi bila kutembea, kisha siku moja hujazwa tangi la maji, betri za ziada na mizigo yote ya safari. Tairi za mbele huwa zimepungua upepo, bolijointi, yaani viungo ambavyo magurudumu hugeukia, zimekauka na kushika kutu, na jointi ndogo ya mhimili wa usukani imekakamaa bila mtu kuitazama. Inua magurudumu ya mbele, weka stendi, zima injini, kisha zungusha usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho. Uzito kiasi utausikia, kwa kuwa unayasukuma mafuta kwa nguvu ya mkono, lakini uwe sawasawa njia nzima. Ukikwama mahali na kuachia ghafla, fungua tairodi, yaani fito zinazounganisha boksi na magurudumu, na ujaribu tena: uzito ukitoweka, tafuta kwenye bolijointi au kingi pini (pini nene ambayo gurudumu hugeukia) na uache hidroliki ipumzike. Usukani usiorudi wenyewe katikati baada ya kona pia huelekeza huko.

Sasa hewa, ambayo ndiyo chanzo cha milio mingi inayosingiziwa beringi za pampu. Injini inapofanya kazi, ndani ya mpira wa kunyonya, ule utokao kwenye kopo kuelekea pampu, presha huwa ndogo kuliko ya hewa ya nje. Mpira huo ukipasuka kidogo hautoi mafuta, bali huvuta hewa. Kwa hiyo anayenihakikishia kwamba hakuna kinachovuja kwa sababu chini ya gari pakavu amechunguza upande wa presha peke yake. Hewa huingia kwenye maungio ya mpira, kwenye oringi (pete ya mpira) ya mdomo wa pampu, na wakati mwingine kwenye sili ya shafti ya pampu yenyewe. Injini ikiwa inanguruma, paka kila ungio mafuta safi ya usukani kwa brashi, moja baada ya jingine, ukisikiliza. Mlio ukibadilika au kukatika, umepafika mahali penyewe. Tazama pia chujio lililo chini ya kopo, kwa sababu likiziba pampu hunyimwa mafuta na hulia vilevile ingawa kopo limejaa. Katika magari mengine chujio hilo halitoki, na dawa ni kubadilisha kopo zima.

Kutoa hewa nako hufanywa kwa pupa mno. Magurudumu yakiwa bado juu na injini imezimwa, jaza kopo, zungusha usukani taratibu mwisho hadi mwisho mara kumi hadi ishirini, ongeza mafuta kila kiwango kinaposhuka, na usiguse ufunguo kabla viputo havijakoma. Anayewasha injini kwanza huyachapa mafuta kuwa povu, na povu huchelewa kutulia. Nikiri hapa kwamba sikio halitoshi: mlio wa hewa na mlio wa pampu iliyochakaa hufanana kiasi kwamba hata fundi mzoefu hawezi kuapa mpaka hewa yote iwe imetoka.

Mkanda unaozungusha pampu ni jambo fupi. Ukipiga kelele kali usukani ukikatwa hadi mwisho, unateleza. Ukaze, na ukiwa umeng'aa au una nyufa, ubadilishe.

Mafuta yafuate maandishi ya kifuniko au kitabu cha gari, si rangi. Magari mengi ya zamani hutumia mafuta ya gia ya otomatiki, mengine hutaka mafuta maalumu ya hidroliki, na kuyachanganya huweza kuharibu sili. Mafuta ya breki yasiingie humo kamwe, kwani huzivimbisha sili za mpira na kuziharibu katika mfumo mzima.

Yote hayo yakiwa safi, ndipo geji ifungwe kati ya pampu na boksi, pamoja na koki yake ya kuzuia mafuta yasifike kwenye boksi. Mafuta yakiwa ya moto, funga koki kwa muda usiozidi sekunde 5. Presha ikifika kiwango cha kitabu, pampu ni nzima na kasoro iko mbele yake; isipofika, kasoro ni ya pampu au ya valvu zake. Wala usihukumu upesi hata hapo, maana valvu ya kudhibiti mtiririko huweza kukwama kwa uchafu tu, na kuisafisha hurudisha kila kitu. Tatizo ni kwamba vitabu hutoa viwango vya pampu mpya. Geji ikionyesha bar 75 pale inapotakiwa 85, ubishi haujaisha, kwa kuwa pampu hiyo huweza kufanya kazi miaka mingine au kuchoka msimu ujao, na hapo mimi huamua kwa dalili nyingine: usukani kuwa mzito injini ikishapata moto na kupona ukikanyaga mafuta, shafti kucheza, au chembe zinazometa ndani ya kopo.

Bomba la presha likivuja, usilipapase kwa mkono injini ikiwaka, kwa sababu mafuta ya presha hiyo hupenya ngozi. Tumia kipande cha kadibodi. Na uvujaji ulio karibu na ekzosi urekebishwe kabla gari halijatembea tena, kwani mafuta hayo huwaka.

Ikithibitika kwamba pampu imekwisha kweli, osha mfumo wote kabla ya kufunga mpya, kwa maana chembe za ile ya zamani zimelala ndani ya boksi na mabomba zikiingoja. Tenga bomba la kurudi, lielekeze kwenye chombo, mimina mafuta mapya huku mwenzako akizungusha usukani, na uendelee mpaka yanayotoka yafanane na yanayoingia. Pampu mpya ijazwe mafuta na kuzungushwa kwa mkono kabla mkanda haujafungwa, isije ikaanza kazi ikiwa kavu.