Sifuri kibao kwenye data? Tulia kwanza

Jamani, eti ukiona data imejaa sifuri basi lazima uende modeli ya sifuri za ziada (zero-inflated, ile inayoongeza sifuri juu ya zile za kawaida). Hapana! Chukua mayai ya kichocho kwenye slaidi za kinyesi cha watoto wa kando ya Ziwa Victoria, tuseme wastani ni 2: modeli ya Poisson, ile ya kawaida ya data za kuhesabu, inalazimisha variansi (kipimo cha namba zinavyotawanyika) ilingane na wastani so inatarajia sifuri kama 14% tu, lakini negativu binomia (modeli nyingine ya kuhesabu) yenye k ya 0.2 (k ikiwa ndogo, mtawanyiko ni mkubwa) variansi yake inafika 22 na sifuri 62%, bila kuongezewa chochote. Sifuri za ziada ziweke ukiwa na sababu, mfano mtoto ambaye hajawahi kabisa kugusa maji ya ziwa, huyo sio sawa na aliyeambukizwa ila kale kakipande ka kinyesi kalikopimwa hakakuwa na yai.