Kipoza oili: kazi yake, na la kufanya kinapokosekana

Kipoza oili ni kifaa kinachopunguza joto la oili ya injini kabla haijarudi kulainisha beringi. Magari mengi ya kawaida hayana kifaa hiki, kwa kuwa upepo unaopita chini ya gari huipoza sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, vya kutosha. Injini ya gari la michezo, hasa yenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), huzalisha joto ambalo sampu peke yake haiwezi kulimaliza. Oili hufanya kazi vizuri ikiwa kati ya nyuzi 90 na 110 za Selsiasi. Ikipanda kupita 130 na kubaki huko, hulegea kama maji, utando unaoitenga krenkishafti (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini) na beringi zake hukonda, na kinachofuata ni mlio wa kugonga kutoka chini ya injini.

Vipoza hivi ni vya aina mbili, na anayezichanganya hupoteza pesa. Aina ya kwanza hupozwa na upepo: ina umbo la rejeta ndogo, hufungwa mbele ya gari, na oili hupelekwa huko kwa mabomba. Mazda RX-7 inacho cha namna hii. Aina ya pili hupozwa na maji: ni kidude kinene cha duara kilichobanwa kati ya injini na filta ya oili, kikiwa na vibomba viwili vya maji ya rejeta. Utakikuta kwenye Subaru Impreza yenye tabo na Toyota Celica GT-Four. Hiki kina faida ambayo wengi hawaijui. Asubuhi maji hupata moto kabla ya oili, kwa hiyo kidude hichohicho huipasha oili joto mapema.

Kuna injini ambazo kipoza ni uhai wao. Porsche 911 zilizotengenezwa hadi 1998 hazina maji wala rejeta ya maji, hupozwa na feni na oili tu. RX-7 ina injini ya rota, yaani rota zinazozunguka badala ya pistoni, na oili hupita ndani ya rota zenyewe kuzipoza. Kwa magari hayo mawili, fundi akikwambia "tukiruke hicho kipoza, oili isipitie humo, gari litatembea tu", mshukuru na uondoke na funguo zako. Kwa Impreza ya kwendea kazini, ushauri huohuo hauna hatari kubwa kwa muda mfupi.

Hapa Uganda mambo mawili huongeza uzito wa jambo hili. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Mombasa, hivyo hubeba joto pungufu. Ongeza na jamu ya Jinja Road, ambako gari husimama na upepo haupiti kabisa. Pili, spea. Tangu 2018 sheria inazuia kuingiza nchini gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe. Kwa hiyo Celica nzima ya 1992 haiji tena kuchinjwa na kuuzwa vipandevipande. Kinachobaki ni kilichokwisha kuingia zamani, na kimeshapitia mikono mingi. Wenye magari haya si wengi, ila mapenzi yao ni ya tangu enzi. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda Safari Rally ya 1973 kwa Datsun 240Z, na wazee wanaomkumbuka bado wanabishana naye kama yupo.

Ukiuliza Kisekka, soko la spea la Kampala, jibu la kwanza huwa, "Ssebo, cha gari lako hakipo, ila ninacho cha Subaru Forester." Usikasirike. Huenda muuzaji ana haki, kwa sababu injini za Subaru zenye tabo hushirikiana spea nyingi. Linganisha kipenyo cha pale sili inapokaa, pembe ya vibomba vya maji, na urefu wa boliti ya katikati. Vikilingana vyote vitatu, jina la gari kilikotoka halina maana.

Lakini kabla ya kununua, hakikisha kilichokufa ni kipoza. Kwa aina ya maji, dalili yake huwachanganya hata mafundi wazoefu. Unafungua tangi la maji unakuta uji mzito wa rangi ya chai ya maziwa, yaani oili iliyochanganyika na maji. Fundi anatangaza kwamba kilichokufa ni gasketi ya silinda hedi, ile inayotenga maji na oili chini ya kichwa cha injini. Hedi inashushwa, inasawazishwa, gasketi mpya inafungwa, na wiki moja baadaye uji umerudi.

Fuata presha. Injini ikiunguruma, oili huwa na presha ya bar 3 hadi 5 (bar ni kipimo cha presha), na maji takriban bar 1. Ukuta wa ndani wa kipoza ukitoboka, oili ndiyo huingia kwenye maji. Ukizima, presha ya oili huanguka mara moja, lakini maji ya moto bado yamebanwa, na sasa yenyewe ndiyo husukumwa kwenye oili. Ndiyo maana gari linaweza kulala zima na kuamka na oili yenye maji. Kipimo ni rahisi kuliko kushusha hedi: toa kipoza, ziba njia moja ya oili kwa bamba na mpira, ingiza hewa ya bar 4 kupitia nyingine, kisha kizamishe kwenye maji ya moto. Maji yawe ya moto kweli, kwa sababu kuna nyufa zinazofunguka kwa joto tu. Mapovu yakitoka kwenye vibomba vya maji, umempata mwizi.

Aina ya upepo huvuja mahali panapoonekana, na mara nyingi aliyeivunja ni fundi. Nati ya bomba ni ya chuma, shingo ya kipoza ni ya alumini, na baada ya miaka 30 vimeshikana. Ukizungusha nati kwa spana moja, shingo yote huzunguka nayo na kung'oka na kipande cha tangi. Shika shingo kwa spana ya pili, pasha nati moto kidogo, weka mafuta ya kulegeza kutu, subiri, ndipo uzungushe.

Shingo iliyopasuka inachomeleka kwa weldi ya gesi ya agoni, na wachomeaji wazuri wa alumini wapo mjini. Tatizo ni oili iliyojificha ndani ya ufa. Isipooshwa na kuunguzwa ikaisha kabisa, weldi hujaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Vimirija vyembamba vya katikati ni jambo jingine: joto la kuchomelea kimoja hufungua viungo vya jirani zake, na mimi sishauri kuvigusa. Lehemu ya rejeta na gundi ya epoksi visahau. Rejeta hushika bar 1 tu, wakati oili baridi ya alfajiri huweza kufika bar 6.

Kipo pia kipoza kisichovuja hata tone ambacho hakifai tena: kilichokuwa kwenye injini iliyokufa kwa beringi. Chembe za metali hukwama ndani ya njia zake nyembamba, hazitoki zote kwa kuoshwa na petroli, na huachia polepole kwenye injini mpya.

Ikishindikana, acha kutafuta namba ya spea na utafute kifaa kitakachofanya kazi ileile. Mocal wa Uingereza na Setrab wa Sweden hutengeneza vipoza vya upepo vya tabaka 10 hadi 25 vinavyoingia gari lolote lenye nafasi. Kwa Impreza ya barabarani, tabaka 13 hadi 19 zinatosha. Kikubwa mno hudhuru, maana oili isiyofika karibu na nyuzi 100 haichomi unyevu uliomo ndani yake. Ndiyo sababu sahani inayokaa chini ya filta kugawa oili iwe na themostati ya kufunguka kwenye nyuzi 80 hivi. Angalia kipenyo cha nyuzi za skrubu pale filta inapofungwa: Subaru ni milimita 20, Toyota ni robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05. Zinakaribiana kiasi cha kudanganya mkono, na sahani ya kulazimisha huachia ukiwa mwendo kasi.

Mabomba yasiwe mpira wa maji, kwa kuwa oili huulainisha hadi upasuke. Wanaobana hozi za haidroliki za matrekta watakutengenezea imara. Funga kipoza shingo zikitazama juu au pembeni ili hewa isikwame. Kisha zungusha injini kwa stata bila moto hadi taa ya oili izimike, iwashe, izime, upime oili upya: kipoza na mabomba huweza kumeza karibu lita nzima. Ukirudi kutoka mzunguko wa kwanza, pitisha kidole chini ya kila kiungo ukiangalia unyevu, na nati yoyote uikaze injini ikishapoa.